Kabla hujailaumu tindikali: kwa anayeanza kuchunguza majani yanayooza msituni

Piga goti. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeingia kazi hii, kabla hajashika koleo wala kufungua daftari. Piga goti chini ya miti, weka kiganja juu ya majani, kisha uyafunue tabaka kwa tabaka. Juu utakuta majani ya juzi, bado yana umbo lake, mengine yameanza madoa ya kahawia. Chini yake yapo yaliyoshikamana. Ukijaribu kuyatenga mawili, nyuzi nyeupe za kuvu zinavutika kwanza ndipo zinakatika. Ukishuka tena, jani limebaki mishipa tu, wavu mwepesi unaopitisha mwanga. Halafu unafika kwenye kitu cheusi kinachopaka vidole, na huwezi tena kusema kilikuwa jani la mti gani. Katika msitu wenye tindikali na maji mengi, tabaka hizo, sentimita kumi tu kwa kina, zinaweza kuwa zimejikusanya kwa miaka mingi.

Wengi hufika wakiwa na maelezo yaliyokwisha kuiva kichwani: majani hayaozi kwa sababu udongo una tindikali, na tindikali huua bakteria. Mimi pia nilifika nayo. Niliyaandika katika pendekezo langu la kwanza la utafiti, yakanigharimu msimu mzima wa mvua. Si uongo mtupu. Ni ukweli uliokatwa katikati, na ndiyo maana unapoteza watu: ukiuamini hivyo, utapima pH, yaani kipimo cha tindikali, kwa bidii na kusahau mambo mawili ambayo mara nyingi yana nguvu kuliko pH, yaani hewa na jani lenyewe.

Tuipe tindikali haki yake kwanza. Katika pH, namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi, na kila namba moja ni tofauti ya mara kumi: udongo wa pH 4 una ioni za hidrojeni mara 10 kuliko ule wa pH 5, na mara 100 kuliko ule wa pH 6. Tofauti ya namba moja si ndogo hata kidogo. Tena pH ikishuka chini ya 5 hivi, aluminiamu iliyokuwa imefungwa katika madini ya udongo huanza kuyeyuka, ikawa sumu kwa mizizi na kwa vijidudu vingi. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa sampuli 98 za udongo kutoka Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, na pH ndiyo iliyoeleza vizuri kuliko kitu kingine chochote kwa nini mahali fulani pana aina nyingi za bakteria na pengine pana aina chache. Udongo usioegemea tindikali wala alkali uliongoza. Udongo mchachu kabisa katika kundi lile, kutoka Amazon ya Peru, ndio uliokuwa na aina chache kuliko wote.

Sasa rudia kusoma: aina chache. Hapo hapajasemwa kwamba bakteria wenyewe ni wachache, wala kwamba hawafanyi kazi. Gramu moja ya udongo wa msitu wenye tindikali bado hubeba bakteria kwa mamilioni mengi, na wengi wao ni wenyeji wa pale hasa. Kundi la asidobakteria ndilo mfano mzuri. Wa kwanza wao kupewa jina, Acidobacterium capsulatum, alielezwa mwaka 1991 kutoka maji machachu ya mgodi nchini Japani, na hustawi kati ya pH 3 na 6. Mpeleke kwenye pH 7 ukidhani unamwonea huruma, hatakua. Kwake yeye, tindikali ndiyo nyumbani.

Kinachobadilika zaidi ni nani anashika kazi. Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, kuna shamba ambalo pH yake hupanda polepole kutoka karibu 4 upande mmoja hadi zaidi ya 8 upande wa pili, huku mengine mengi yakiwa sawa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba kadiri tindikali ilivyozidi, ukuaji wa bakteria ulishuka mara 5 na wa kuvu ukapanda mara 5, mpaka pH ilipofika takriban 4.5. Chini ya hapo kila kitu kilififia. Kwa hiyo ukiwa kwenye pH 5 na majani hayaozi, usikimbilie kusema bakteria wamezidiwa. Jiulize kwanza kwa nini kuvu nao hawaozeshi, maana hao tindikali ya kiasi hicho haiwasumbui.

Mara nyingi jibu liko kwenye maji.

Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosambaa hewani. Mvua ikijaza vitundu vyote vya udongo, vijidudu humaliza upesi oksijeni iliyokuwamo, na nyingine haiwahi kufika. Hapo kuvu wanaovunja lignini, ile sehemu ngumu inayoupa mti na jani mgongo, hukwama, kwa sababu vimeng'enya vyao, yaani protini wanazotumia kuivunja, hutegemea oksijeni. Bakteria hawakwami wote. Wapo wanaochachusha sukari, wapo wanaopumua kwa chuma au salfeti badala ya oksijeni, na mwisho wa foleni wapo arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria, wanaotoa methani. Ila wote hao hupata nguvu kidogo kwa kila tonge, na kasi yao inaonyesha hivyo. Pua itakusaidia hapa kuliko unavyodhani: udongo wenye hewa hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, uliokosa hewa hutoa harufu ya yai bovu, na rangi yake huelekea kijivu.

Kuna jambo moja lililonifungua macho kuliko mengine. Mwaka 2001 lilichapishwa wazo linalofananisha ardhi ya mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza yote, na mlango wenye komeo. Bila oksijeni, kimeng'enya kinachovunja fenoli, kemikali kali zitokazo kwenye mimea, hakifanyi kazi. Fenoli zinarundikana. Zikirundikana, zinazuia vimeng'enya vingine ambavyo vyenyewe havihitaji oksijeni hata kidogo. Ndiyo maana kukosekana kwa hewa kunaleta hasara kubwa kuliko unavyoweza kukisia kwa kuhesabu tu ni nani anayepumua oksijeni.

Msimu nilioupoteza ulipotea hapa. Nilikuwa na viwanja viwili, kimoja cha pH 3.9 na kingine cha pH 5.2, na mifuko ya wavu yenye majani niliyoifukia sentimita kumi chini kote kuwili. Baada ya miezi sita, majani ya pH 3.9 yalikuwa karibu kama nilivyoyaweka. Nilishaanza kuandika hitimisho. Mwenzangu mmoja aliyenizidi uzoefu akaniuliza swali jepesi: maji yanasimama wapi? Sikuwa na jibu. Akanifundisha njia ambayo hadi leo sijaiacha. Chukua vyuma vyembamba visivyopakwa rangi wala zinki, visugue mpaka ving'ae, vichomeke wima ardhini, viache wiki kadhaa. Ukivichomoa, sehemu iliyopata hewa ina kutu ya rangi ya chungwa, na chini ya mstari fulani kutu inakoma, chuma kimebaki kijivu au cheusi. Katika kiwanja cha pH 5.2 kutu ilishuka mpaka ncha. Katika kile cha pH 3.9 iliishia sentimita nne. Kiwanja changu chenye tindikali kilikuwa bondeni, na mifuko yangu yote ilikuwa imekaa chini ya mstari wa hewa. Nilikuwa nimepima maji nikaandika tindikali.

Kwa hiyo, kabla hujaweka mfuko hata mmoja, chomeka vyuma. Chimba pia kishimo kando ya kila kiwanja, ingiza bomba la plastiki lenye matundu, na uandike kina cha maji kila unapopita. Kazi ya dakika tano, lakini usipokuwa na safu hiyo kwenye jedwali lako, safu ya pH haitakuwa na maana.

Kisha jani. Miti inayoishi kwenye udongo maskini na wenye maji hulilinda jani lake kwa sababu kulitengeneza upya ni gharama kwake: nta juu, ngozi ngumu, tanini ndani, lignini nyingi, nitrojeni kidogo. Jani hilo likidondoka, ulinzi haudondoki pembeni. Unakwenda nalo chini. Utafiti uliofanywa katika msitu wa kinamasi cha mboji huko Malaysia, ukachapishwa mwaka 2009, ulionyesha jambo hili wazi. Majani ya Macaranga tanarius, mti usio wa kinamasi kile, yaliwekwa palepale pamoja na majani ya miti ya pale. Yale ya mgeni yalioza vizuri. Ya wenyeji, ukiondoa vilivyoyeyuka na kuchujwa na maji, yalibaki karibu yalivyo. Maji yaleyale, tindikali ileile, bakteria walewale. Huo ndio ushahidi ninaourudia kila mgeni anaponiambia kwamba katika pH ile hakuna kinachoweza kuoza.

Na matokeo yake si madogo. Mwaka 2017 wanasayansi waliripoti kwamba bonde la kati la Kongo lina kinamasi cha mboji chenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 145,000, kilichohifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Ghala lote hilo ni mimea iliyoanguka isimalizike kuoza. Ukikausha kinamasi kama hicho, unafungua lile komeo nililolitaja, na kaboni hiyo huanza kwenda angani. Ninapokaa na mwanafunzi juu ya mizani tukipima jani la gramu mbili, hilo ndilo ninalotaka alione.

Ukitaka kutenganisha jani na mahali, mpango ni wa kupandikiza kwa kubadilishana: majani ya msitu A uyaweke A na B, majani ya msitu B uyaweke B na A. Ongeza jani la tatu lisilo la popote kati ya hapo, ulitumie kila mahali kama kipimo cha pamoja. Wapo wanaotumia vipakiti vya chai ya kijani na vya rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini), njia iliyochapishwa mwaka 2013, ambavyo hufukiwa kwa takriban siku 90. Inafaa sana kulinganisha mahali na mahali. Haiwezi kukuambia jani la mti wako litafanya nini, hivyo usiifanye iwe badala ya majani yenyewe.

Bakteria hasa hufanya nini humo? Weka jani kavu kwenye chupa ya maji, ulitazame kesho yake: maji yamekuwa na rangi ya chai. Hayo ndiyo yanayotokea siku za mwanzo msituni. Sukari, asidi nyepesi na potasiamu hutoka upesi, na bakteria ndio wa kwanza kunywa mchuzi huo. Ndiyo maana uzito hushuka haraka wiki za mwanzo, kisha unatulia. Anayepima mwezi mmoja akaondoka huondoka na kasi ya mchuzi akidhani ni kasi ya jani. Baadaye kuvu hushika sehemu ngumu, na bakteria hurudi kwa njia nyingine: wanakula fenoli nyepesi zilizoachwa, wanakula mabaki ya kuvu waliokufa. Usishtuke pia ukikuta jani la miezi mitatu lina asilimia kubwa ya nitrojeni kuliko lilipodondoka. Kaboni imetoka kama hewa ya ukaa, nitrojeni imebaki, na vijidudu vimevuta nyingine kutoka nje.

Kuhusu mifuko yenyewe, iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1950, nina machache ya kusema. Matundu ya milimita 1 huzuia minyoo na wadudu wakubwa. Hilo si kosa, mradi uliandike na usiite matokeo yako uozo wote wa msitu. Kausha majani kwa nyuzi joto 60 hivi. Ukipandisha joto ili umalize mapema, utalibadilisha jani lenyewe, na kipimo chako cha lignini kitatoka juu kuliko ukweli. Lebo za karatasi zisahau. Mimi nilizipoteza ishirini na mbili kwa mvua moja, zote zimekuwa uji. Sasa natumia vipande vya aluminiamu nilivyochora namba kwa msumari, kimoja ndani ya mfuko na kingine nje.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo namba nyingi zinapoharibika. Mfuko ukikaa chini, udongo huingia. Umeweka gramu 10 za majani makavu, yenye majivu, yaani madini yasiyoungua, asilimia 5. Kumbe sehemu ya jani hasa ni gramu 9.5. Baada ya mwaka unatoa gramu 7.5. Ukigawanya kwa haraka utasema imebaki asilimia 75. Sasa choma sehemu ya sampuli kwa nyuzi joto 550 mpaka ibaki majivu matupu, ukute majivu ni asilimia 20. Basi jani lililobaki ni gramu 6, na 6 kwa 9.5 ni asilimia 63. Ukitumia mlinganyo wa kawaida wa kasi ya kuoza, ule wa mwaka 1963 unaotumia herufi k, hesabu ya kwanza inakupa k ya 0.29 kwa mwaka na ya pili inakupa 0.46. Mchanga tu uliojificha kwenye mfuko umepunguza kasi ya msitu wako kwa zaidi ya theluthi moja. Na kwa kuwa kiwanja chenye tope huingiza udongo mwingi kuliko kikavu, kosa hilo halijigawi sawa. Linaegemea upande uleule unaotaka kuuamini.

Upimaji wa pH nao una mitego yake. Sawazisha mita kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Anayesawazisha kwa 7 na 10 kisha akapima udongo wa pH 4 anapima mahali ambapo mita yake haijaonyeshwa njia. Tabaka la majani hunyonya maji, hivyo uwiano wa sampuli 1 kwa maji 2.5 unaotumika kwa udongo wa madini utakupa uji mzito usiopimika. Ongeza maji mpaka 1 kwa 10 na uandike kwamba umefanya hivyo. Andika pia kama umechanganya sampuli na maji au na mmumunyo wa chumvi ya kloridi ya kalsiamu, kwa maana namba ya kloridi huwa chini, mara nyingi kwa nusu kipimo au zaidi, na watu wawili wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya tofauti iliyotoka kwenye chupa.

Ukitaka kuwakuza bakteria hawa, punguza chakula na uongeze subira. Chakula kingi huwapa nafasi wanaokua haraka, ambao si wao walioshika kazi msituni. Sahani zangu za kukuzia zilizo nzuri kabisa zilionekana tupu kwa wiki tatu. Ndipo vikatokea vidoti vidogo kama ncha ya sindano. Aliyezitupa siku ya saba hakuwaona kamwe. Jambo moja la jikoni ya maabara ambalo hakuna aliyeniambia: ukitia asidi kwenye agari, ute unaogandisha chakula cha bakteria, kisha ukaichemsha kwa mvuke wa shinikizo, haigandi, kwa kuwa asidi na joto huivunja. Chemsha agari peke yake na kimiminika cha virutubishi peke yake, vichanganye vikishapoa kidogo, au tumia gelani, kigandishi kingine badala ya agari.

Kwa DNA, adui ni ile rangi ya chai. Dutu za mboji hutoka pamoja na DNA na kuzima PCR, ile njia ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke. Kabla hujaamua kwamba sampuli haina bakteria, punguza makali mara 10 ujaribu tena. Nimeona sampuli zilizotangazwa tupu zikaamka kwa maji safi tu. Weka daima sampuli isiyo na udongo ipite hatua zote, ili ujue uchafu wa vifaa vyako unafananaje. Na orodha ya majina utakayopata usiisome kama orodha ya wafanyakazi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 40 hivi ya DNA ya vijidudu udongoni ilikuwa ya waliokwisha kufa au kupasuka. Kama unataka kujua nani anafanya kazi, pima kazi: funga majani ya mfuko ambayo hayajakaushwa ndani ya chupa, upime hewa ya ukaa inayotoka, siku ileile uliyoyatoa msituni na kwa unyevu uleule yaliokuwa nao.

Mwisho kabisa, usitumie sampuli yote. Kila mfuko ninaoufungua, natenga fungu dogo lililokaushwa, naliweka kwenye bahasha na namba yake, pamoja na fungu la jani la asili ambalo halikuwahi kugusa ardhi. Miaka minne baada ya ule msimu wangu wa bondeni, nilizirudia bahasha zile nikapima lignini na fenoli ambazo mwanzo sikuzifikiria. Majani ya viwanja vile viwili, niliyoyakusanya kila moja mahali pake nikidhani ni ya mti uleule, yalikuwa tofauti kabisa. Ya bondeni yalikuwa na fenoli karibu mara mbili.